Jinsi ya kuijaribu siga usiyoijua, na kwanini ununue tatu sio moja

Hii ni kwa wale walioshaonja siga (cigar, ile nene inayosokotwa kwa majani ya tumbaku matupu) mbili tatu za majina makubwa, Cohiba, Montecristo, Romeo y Julieta, alafu siku moja mtu anakuletea kitu hujawahi kukisikia na hujui uanzie wapi. Kama hujawahi kuvuta chochote maishani baki hivohivo bana, sikushawishi, tumbaku ni tumbaku hata ukiivalisha pete ya dhahabu, na siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya kufikia pakiti nzima ya sigara. Moshi wake haumezwi, unazungushwa mdomoni na kutolewa, lakini mdomo na koo havijui habari hizo, saratani yake ipo palepale. Na kama hujafika miaka 18 funga hapa nenda kasome. Nimeshasema, tuendelee.

Mfano wangu ni Por Larrañaga, saizi ya Petit Corona, ya Kuba. Urefu milimita 129, unene geji 42, na geji ni inchi iliyokatwa vipande 64 kwaiyo hapo ni karibu milimita 17, unene wa kidole changu cha shahada, chako sijui. Jina limeanza 1834, ni la zamani kuliko hao wote niliowataja juu, ila ukilitaja mbele ya watu wanakuangalia kama umetukana. Kiwanda chake kina historia ya ajabu, ndo cha kwanza kuleta mashine za kusokotea siga pale Kuba miaka ya 1920 na wasokotaji wakawaka kwelikweli maana walikuwa wanaona mkate wao unaondoka. Hii Petit Corona ya siku hizi inasokotwa kwa mkono, usiwe na wasiwasi. Hela za matangazo zinaenda kwa ndugu zake wakubwa tu, yeye kaachwa nyuma kama mtoto wa mke mkubwa.

Na hapo ndo utamu wa siga zisizojulikana. Mwaka 2022 Habanos, hao ndo wanaouza siga zote za Kuba nje, walipandisha bei ya Cohiba na siga nyingine inaitwa Trinidad dunia nzima ikawa sawa na ya Hong Kong, watu wakabaki midomo wazi. Sisi wa hela ya kuunga unga ikabidi tuanze kuangalia chini ya rafu. Chini ya rafu kuna mali.

Ila angalia usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kuba ilitaifisha viwanda 1960, wenye mali wakakimbia na majina yao, ndo maana leo kuna Por Larrañaga ya Kuba na kuna nyingine inatengenezwa nje ya Kuba kwa ajili ya soko la Marekani. Sio feki, ni kitu kingine kabisa chenye jina hilohilo. Ya Kuba geuza boksi chini utakuta imegongwa kwa moto "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Kuba) na "Totalmente a mano" (yote kwa mkono), kuna stempu ya kijani ya serikali, na kuna herufi za kiwanda na mwezi na mwaka iliyofungwa boksi, kwa Kispania. Huo mwezi na mwaka uandike, utauhitaji. Na mtu akikuonesha boksi la siga za Kuba lenye mfuniko wa kioo, mpe salamu zangu na uondoke, hizo hazijawahi kuwepo.

Sasa jambo lenyewe. Usinunue moja, na usinunue boksi. Nunua tatu. Siga ni kitu kilichosokotwa na mtu mwenye vidole, siku nyingine kaamka vizuri siku nyingine kagombana nyumbani, moja inakuja imebana na ya pembeni yake inapitisha hewa kama bomba. Ukivuta moja ukasema hii mbaya umemhukumu msokotaji wa siku moja. Ukinunua boksi umejifunga na kitu usichokijua. Tatu ndo kipimo, na zisivutwe wiki moja.

Zangu alizileta shemeji kutoka Dubai, tatu, kila moja hela ya jogoo wa kienyeji mkubwa. Kaja nazo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi la kuingia nalo kwenye ndege. Mi kwa kiherehere siku ya pili tu nikawasha ya kwanza. Aisee. Iliungua upande mmoja kama mtumbwi, mdomo ukawa mchungu kama nimetafuna mwarobaini, nusu ya njia nikaiacha. Ningekuwa nimenunua moja hii makala ingekuwa ya matusi.

Kosa lilikuwa langu. Siga iliyotoka safari inataka kupumzika, ndani ya ndege hewa ni kavu kama Dodoma mwezi wa tisa, jani la nje linakauka na la ndani bado lina unyevu, kwaiyo linaungua ovyo. Ipe wiki mbili kama unawahi, mwezi na kitu kama una moyo. Na huhitaji boksi la kuhifadhia la maelfu ya dola. Chukua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana kweli, jipya, lisiwe limewahi kukaa na biriani, weka pakiti moja ya Boveda ya unyevu wa asilimia 65 ndani, basi. Hizo pakiti zinatoa na kunyonya unyevu zenyewe. Ukipata vibao vya mbao ya boksi la siga vitie humo pia. Hiyo mbao wanaiita mwerezi wa Kihispania lakini sio mwerezi wala sio wa Hispania, ni Cedrela odorata ya Amerika ya Kati na Kusini, na chekesho ni kwamba huo mti uko Tanzania, uliletwa zamani kupandwa, pale msitu wa Kimboza kule Morogoro umesambaa mpaka ni kero kwa miti ya asili. Wenzetu wanaagiza mbao kwa bei mbaya, sisi tunahangaika kuung'oa.

Sisi wa Pwani shida yetu sio ukavu ni joto. Dar, Mombasa, Unguja, hewa ina unyevu mpaka shati linaganda mgongoni, siga ukiiacha nje inavimba na kuota ukungu. Alafu kuna kadudu ka tumbaku, kadogo ka kahawia, mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani toka huko yalikotoka na joto likiwa kubwa yanaanguliwa haraka, na Dar lini hakuna joto? Ukiona kitundu kidogo cha duara kama kimetobolewa na sindano ya kushonea magunia, ushaliwa. Dawa yake ni kuziweka ndani ya mifuko miwili ya zipu, friza siku tatu nne, ukizitoa ziweke kwenye friji ya kawaida siku moja ndo uzirudishe koponi. Ukizitoa friza moja kwa moja kwenye joto jani linapasuka. Mtu wa Nairobi au Arusha yeye apambane na ukavu, huko hii habari ya wadudu haimsumbui sana.

Siku ya kujaribu, kabla hujawasha, fanya haya. Kula kwanza. Siga kwenye tumbo tupu itakulaza chini, nikotini inapanda taratibu alafu ghafla jasho la baridi na dunia inazunguka, ikitokea hiyo iweke chini na unywe soda yenye sukari. Usisome maoni ya mtu yeyote kuhusu hiyo siga, ukisoma "karameli" utaionja karameli hata kama unavuta kamba ya katani. Usijifukize udi, usipake manukato, mama watoto akichoma ubani sebuleni nenda nyuma ya nyumba. Feni zima. Kinywaji ni maji ya kawaida, au kahawa chungu ya kijiweni bila kashata, kashata tutaihitaji baadae kwa kumbukumbu tu. Pombe kali inaua ulimi, mi sishauri kwenye siga ya majaribio, kwenye siga unayoijua fanya utakavyo. Na kama uko Kenya kumbuka sheria ya tumbaku ya 2007, sio kila sehemu unawasha.

Kama una rafiki, mwambie akuvulie ile pete ya karatasi yenye jina alafu akupe hiyo na nyingine mbili za saizi moja bila kukwambia ipi ni ipi. Utashangaa. Mi nilifanyiwa hivo mwaka juzi nikaisifia ya bei rahisi kuliko zote dakika ishirini nzima.

Ishike. Jani la nje, wenyewe Wakuba wanaliita capa yaani koti, liwe na mng'ao wa mafuta kidogo, mishipa isiwe minene kama ya mgomba. Chini ya koti kuna jani la kufungia, na ndani kabisa kuna tripa, yaani utumbo, na kweli ni utumbo, majani marefu yamekunjwakunjwa. Ibonyeze taratibu kuanzia kitako (upande wa kuwasha) mpaka kichwani (upande wa mdomo) kama unavyobonyeza embe sokoni bila mwenye duka kuona. Sehemu laini sana maana yake hapo itaungua haraka na moshi utakuwa wa moto, sehemu ngumu kama kuna fundo maana yake moshi utakwama. Nusa kitako. Ukisikia harufu kali kama banda la kuku, hiyo ni amonia, jani bado bichi halijamaliza kutulia baada ya kuchachushwa, irudishe koponi miezi kadhaa. Ndo maana nikasema uandike tarehe ya boksi.

Kukata ni milimita mbili tu, ile kofia ndogo kichwani, usishuke chini ya bega lake, ukishuka koti lote linafunguka kama msuli wa mlevi. Kisha vuta kabla hujawasha. Watu wanaruka hii hatua na ndo yenye habari nyingi kwa bei ya bure. Hewa inapita vipi? Iwe kama kunyonya soda nzito kwa mrija. Ukivuta mpaka mashavu yanaingia ndani basi imebana, ukivuta ikapita kama hamna kitu italiwa dakika ishirini na itakuwa ya moto. Na onja huo upepo. Yangu ya pili ilinipa nyasi kavu na utamu fulani kama gunia lililowahi kuwekewa sukari guru. Niliandika hivohivo, "gunia la sukari guru".

Hapa nisimame kidogo maana ndo pa muhimu. Andika kwa maneno yako. Wazungu wanasema ngozi, mwerezi, kokoa, beri za porini, wewe beri ya porini umeila wapi? Tumia vya kwenu. Kabati jipya la fundi. Karanga zilizopitiliza kwenye sufuria. Iliki. Pilipili manga. Kahawa iliyochemka mara mbili. Haluwa ya Oman ile nyeusi. Vumbi mvua ya kwanza inapolidondokea. Majani ya chai makavu. Kiatu cha ngozi ndani ya boksi. Kumbukumbu yako ya harufu imejengwa hapa, ukiazima ya mtu unabaki unakisia.

Kuwasha: laita ya gesi au kiberiti kirefu, kiberiti ukisubiri kichwa chake kiishe kuungua maana kinanuka salfa. Laita ya petroli na mshumaa acha, ladha inaingia. Moto usiguse siga, uweke chini yake kidogo, izungushe mpaka duara lote la kitako liwe jeusi, alafu ndo uweke mdomoni uvute taratibu ukiendelea kuizungusha. Puliza kitako uone kama chote kimekuwa chekundu. Ukiharakisha hapa ndo mwanzo wa mtumbwi.

Baada ya hapo ni mwendo. Vuta moja kwa dakika au zaidi kidogo, sio sigara ya dereva wa daladala. Ukivuta haraka inapata joto, ikipata joto inakuwa chungu alafu utasema siga mbaya. Ya pili yangu niliivuta siku ya Simba na Yanga, nikajikuta kila faulo navuta, dakika ishirini na tano imeisha, mdomo umeungua, nimeandika mstari mmoja tu. Ilikuwa nzuri mwanzoni, hicho ndo nakumbuka, na goli. Kwaiyo ya pili nayo nikaiharibu mwenyewe. Umeona umuhimu wa tatu.

Majivu usiyagonge, yaache yafike sentimita mbili hivi alafu yaegemeze kwenye kisosi yaanguke yenyewe. Majivu yakishikana ni dalili utumbo wake ni majani marefu mazima, sio makombo. Rangi ya majivu watu wanabishana sana mpaka usiku, mi naona hainisaidii kitu.

Sasa ya tatu, wiki ya saba, Jumapili jioni, peke yangu, simu ndani. Siga inagawanywa mara tatu na Wafaransa wana msemo wao, theluthi ya kwanza nyasi, ya pili peponi, ya tatu samadi. Ndo ilivyo kwa nyingi na kazi yako ni kuona hii ya kwako inakaa peponi muda gani.

Theluthi ya kwanza ilikuwa nyasi kweli, nyasi na karanga mbichi, moshi mwepesi. Usihukumu hapa. Hapa angalia tu mstari wa moto unaendaje, ukipinda kidogo subiri, mara nyingi unajirudi, ukipinda sana gusa na laita ule upande uliobaki nyuma. Na hapa ndo uanze kutoa moshi puani. Sio wote, kidogo tu, mwingi unautoa mdomoni na ule wa mwisho unausukumia puani taratibu bila kumeza. Mara ya kwanza utalia machozi. Lakini ulimi unajua chumvi, tamu, chungu, chachu na ule utamu wa mchuzi wa nyama, basi, hayo mengine yote iliki sijui nini ni kazi ya pua. Asiyetoa puani anaionja siga nusu.

Katikati ndo ikafunguka. Kashata. Sio mfano wa kashata, kashata yenyewe, ile ya karanga ambayo sukari imeanza kuungua chini ya sufuria, na nyuma yake kahawa. Nikacheka peke yangu kama chizi. Iliendelea hivo kama dakika kumi na tano, mara inakuja chumvi kidogo kwenye midomo, mara mbao. Hapa ndo utenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku: ukali na uzito. Ukali ni nikotini, unausikia tumboni na kichwani. Uzito ni moshi unavyojaa mdomoni, mwepesi kama chai ya rangi au mzito kama uji. Hii Por Larrañaga uzito wake wa kati, ukali mdogo, unaweza kuinuka ukatembea. Kuna siga ina moshi mwepesi kabisa na ikakuangusha. Usipozitenganisha kwenye daftari utamshauri mtu vibaya.

Pia hesabu ladha inabaki muda gani baada ya kutoa moshi. Tulia, usinywe maji, hesabu. Nzuri inabaki nusu dakika na inabadilika ikibaki. Mbaya inaondoka papohapo inakuachia ukavu tu kama umelamba kadi bodi.

Theluthi ya mwisho ikaanza pilipili manga na kahawa iliyoungua. Kabla hujaikatia tamaa fanya hivi, puliza nje kupitia siga yenyewe, taratibu, sekunde mbili tatu, ule moshi mzito uliokaa ndani unatoka na ladha inarudi kwa muda. Ikizima usione aibu, kwangua majivu, washa tena, ndani ya dakika kumi hivi haina tatizo. Ikishakuchoma vidole au ikiwa samadi tupu, iweke chini ife yenyewe. Usiikandamize kama kichungi cha sigara, itanuka nyumba nzima na kesi utaijibu wewe.

Alama. Ule mtindo wa mia moja ambapo kila kitu kinapata 88 mpaka 93 mi sikuuelewa toka zamani. Natumia kumi, na nauliza maswali manne tu: imeungua vizuri bila kuisumbukia, imebadilika njiani au ilikuwa wimbo mmoja, niliiacha wapi kwa hiari yangu, na ningeinunua tena kwa hela yangu mwenyewe kwa bei ileile. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote. Siga ya zawadi siku zote ni tamu.

Ya kwanza niliipa mbili, hiyo nimeifuta maana niliyejipima ni mimi na haraka yangu. Ya pili sita, kwa kumbukumbu. Ya tatu nane, nimeikata alama kwa ule mwisho wa kuungua na kwa koti kupasuka kidogo karibu na kichwa. Niliiacha ikiwa imebaki upana wa vidole viwili, na ladha ya kashata nilikuwa nayo mpaka wakati wa kulala, japo nilipiga mswaki kwa amri.

Nimeshamwambia shemeji alete kumi safari ijayo. Kasema sawa, ila mara hii nitume hela kabla hajapanda ndege.